Kutoka Nandi hadi Pullman: maisha baada ya utepe

Henry Rono alipofariki dunia mjini Nairobi tarehe 15 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 72, taarifa za habari karibu zote zilirudia jambo moja: huyu ndiye mtu aliyevunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Ni kweli, na ni jambo linalostahili kutajwa. Lakini, mpenzi msikilizaji, siku 81 si maisha ya mtu. Marehemu aliishi zaidi ya miaka 45 baada ya siku hizo, na miaka hiyo ilipewa sentensi mbili au tatu, kisha mtangazaji akaendelea na habari za hali ya hewa.

Juma hili nataka tuwafuate wanariadha wa chuo kimoja tu. Tuwaone walipoingia, walipong'ara, na hasa walipotoka. Chuo chenyewe ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, kilichoko katika mji mdogo uitwao Pullman. Tusichanganye na Washington ambako rais wa Marekani anakaa. Pullman iko upande wa pili kabisa wa nchi ile, mashariki mwa jimbo la Washington, zaidi ya kilomita 400 kutoka Seattle, katikati ya vilima vya mashamba ya ngano. Wakati wa baridi theluji hufunika kila kitu. Ni mahali ambapo kijana kutoka Nandi angeweza kuviangalia vilima na kukumbuka kwao, mpaka baridi imkumbushe kwamba yuko ugenini.

Chuo hicho kilikuwa na sifa ya mbio ndefu hata kabla ya Wakenya kufika. Katika miaka ya 1960 alikuwako Mmarekani kijana, Gerry Lindgren, aliyetwaa mataji 11 ya ubingwa wa vyuo vya nchi yake. Miaka ya 1970 ilipoingia, kocha John Chaplin akaanza kutazama Afrika ya Mashariki. Akaja John Ngeno, akawa bingwa wa vyuo katika mbio ndefu. Wakafuata Joshua Kimeto, Samson Kimobwa na Henry Rono. Makocha wa vyuo vingine walinung'unika. Walisema Chaplin anachukua watu wazima kutoka Afrika kuwashindanisha na vijana wadogo wa Kimarekani. Chaplin hakujali. Mwaka 1977 chuo chake kikatwaa ubingwa wa timu wa Marekani nzima katika mashindano ya ndani ya ukumbi.

Kabla hatujaendelea, ni vizuri tuelewe biashara yenyewe ilikuwaje, maana wazazi wengi mpaka leo husikia neno "udhamini wa masomo" wakadhani ni sadaka. Si sadaka. Chuo humlipia mwanafunzi karo, malazi na chakula, naye hulipa kwa miguu yake. Msimu wa vuli anakimbia mbio za nyika. Baridi ikiingia, anakimbia ndani ya ukumbi. Majira ya kuchipua anarudi uwanjani, na mara nyingi anakimbia mbio mbili au tatu katika mashindano ya siku moja, kwa sababu timu inataka pointi. Vyuo vinapofungwa mwezi wa Juni, wenzake wanakwenda likizo, yeye anapanda ndege kwenda Ulaya kushindana na mabingwa wa dunia. Na kwa miaka mingi udhamini wenyewe ulikuwa ukitolewa mwaka kwa mwaka. Ukiumia mguu, au kocha akikuchoka, mwaka ujao hujui.

Katika hali hiyo Samson Kimobwa alikwenda Helsinki, Finland, na tarehe 30 Juni 1977 akakimbia mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 30.5. Ilikuwa rekodi ya dunia. Rekodi ya zamani ilikuwa ya Mwingereza David Bedford, na Kimobwa aliipunguza kwa theluthi moja tu ya sekunde. Mwanafunzi wa chuo, tena katikati ya masomo, akawa mtu mwenye kasi kuliko wote duniani katika mbio hizo. Hakukaa nayo hata mwaka mmoja. Aliyempokonya alikuwa mwenzake wa chuo kile kile.

Henry Rono alizaliwa mwaka 1952 huko Kiptaragon, Nandi Hills. Alipokuwa mtoto mdogo aliumia mguu katika ajali ya baiskeli, na ilichukua miaka kabla hajatembea sawasawa. Alipokua, aliyemtia hamu ya kukimbia alikuwa Kipchoge Keino, Mnandi mwenzake. Mwaka 1976 alifika Pullman, na mwaka huo huo akawa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani, Kimobwa akiwa wa pili. Akarudia ubingwa huo mwaka 1977 na tena mwaka 1979.

Mimi nilikuwa sijazaliwa mwaka 1978, lakini wazee waliosikiliza redio wakati huo bado wanausimulia. Tarehe 8 Aprili, huko Berkeley, California, Rono alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4. Rekodi. Tarehe 13 Mei, huko Seattle, akakimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 5.4. Rekodi. Tarehe 11 Juni, mjini Vienna, Austria, akaishusha rekodi ya Kimobwa ya mita 10,000 hadi dakika 27 na sekunde 22.4. Tarehe 27 Juni, mjini Oslo, Norway, akamaliza kwa mita 3,000 katika dakika 7 na sekunde 32.1. Rekodi mbili za kwanza alizivunja katika mashindano ya Marekani wakati wa msimu wa vyuo, bila mpinzani wa kumsukuma. Alishindana na saa. Mwaka huo huo alitwaa medali mbili za dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Algiers, na nyingine mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Canada.

Sasa msikilizaji atauliza: medali zake za Olimpiki ziko wapi? Haziko. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo, zilisusia Michezo ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 Kenya ikaungana na Marekani kuisusia Moscow kwa sababu majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Afghanistan. Sisemi kwamba kususia kwa mwaka 1976 hakukuwa na maana. Ndugu zetu wa Afrika Kusini walikuwa wakiuawa, na Afrika ilipaswa kusema neno. Ninalosema ni kwamba neno hilo lililipiwa na watu fulani, na waliolipa walikuwa wakimbiaji.

Tazama mfano wa jirani. Katika miaka ile ile, Mtanzania Suleiman Nyambui, mzaliwa wa upande wa Musoma, alikuwa akisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso. Yeye na Rono walikuwa wakikutana katika mashindano ya vyuo. Tanzania haikususia Moscow. Nyambui akaenda, akakimbia mita 5,000, akarudi na medali ya fedha nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Baadaye alishinda mbio za marathoni za Berlin mara mbili mfululizo, mwaka 1987 na 1988, na hatimaye akawa katibu mkuu wa chama cha riadha cha nchi yake. Hakuna anayeweza kuapa kwamba Rono angemshinda Yifter siku ile, maana mbio za Olimpiki zina mambo yake. Lakini Nyambui alipata nafasi ya kujaribu. Mwenye rekodi ya dunia hakuipata.

Jambo la pili ni fedha. Leo kijana akivunja rekodi ya dunia, kesho yake tunahesabu dola. Wakati wa Rono riadha ilitawaliwa na sheria za ridhaa. Mwanariadha hakuruhusiwa kulipwa. Waandalizi wa mashindano ya Ulaya walijaza viwanja kwa jina lake, nao walikuwa na njia zao za kutoa bahasha kwa siri, lakini fedha ya siri haina mkataba wala mshauri, na haina akiba ya uzeeni. Kwa rekodi nne za mwaka 1978, kisheria, malipo yake yalikuwa sifa.

Hapo ndipo pombe ilipopata mlango. Silisemi hili kwa kumvunjia marehemu heshima. Alilieleza mwenyewe bila kuficha katika kitabu cha maisha yake, "Olympic Dream", kilichotoka mwaka 2007. Mwaka 1981 alianza msimu akiwa mnene, akishindwa na watu aliokuwa akiwaacha nyuma. Akajikaza kwa miezi michache, na tarehe 13 Septemba, katika mji mdogo wa Knarvik huko Norway, akaivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 5,000 kwa kukimbia dakika 13 na sekunde 6.20. Ilikuwa rekodi yake ya tano ya dunia, na ya mwisho. Baada ya hapo njia iliteremka. Kulikuwa na miaka ambayo hakuwa na makao. Alifanya vibarua vya kila namna, na katika uwanja wa ndege wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, alibeba mizigo ya abiria. Fikiria abiria waliompa masanduku yao bila kujua wanampa nani.

Lakini simulizi haliishii hapo, na hili ndilo ambalo sentensi mbili za taarifa ya habari haziwezi kulisema. Rono aliacha pombe. Akawa mwalimu, akafundisha watoto wenye mahitaji maalumu, akafunza vijana kukimbia. Mwaka 2019, baada ya miongo zaidi ya mitatu ugenini, alirudi Kenya. Mtu aliyeanguka akainuka, tena bila kamera kumfuata. Kwa maoni yangu mbio hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote alizokimbia.

Wengine wa Pullman nao tusiwasahau. Julius Korir, ambaye alikuwa ameshinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Brisbane mwaka 1982 katika kuruka viunzi na maji, alisoma na kukimbia Pullman, na ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kurudi katika Olimpiki tangu mwaka 1972, na Korir ndiye aliyekuwa na dhahabu pekee ya Kenya mwaka ule. Kisha akaja Peter Koech. Mwaka 1988 huko Seoul alipata fedha nyuma ya Julius Kariuki. Tarehe 3 Julai 1989, mjini Stockholm, Koech akakimbia dakika 8 na sekunde 5.35. Rekodi ya Rono ya Seattle, iliyokuwa imekaa miaka 11, ikaondoka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kwa hiyo Rono alimpokonya Kimobwa, na Koech akampokonya Rono. Ni kama kijiti cha mbio za kupokezana, na wote watatu walikivaa kifuani jina la chuo kimoja.

Kimobwa alifariki mwaka 2013. Ukimuuliza kijana wa Eldoret au Nairobi leo Samson Kimobwa alikuwa nani, mara nyingi atakujibu kwa swali.

Sasa tumwangalie wa mwisho. Bernard Lagat alizaliwa mwaka 1974 upande wa Kapsabet, si mbali na alikotoka Rono. Alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kisha mwaka 1996 akaenda Pullman, miaka 20 kamili baada ya Rono. Huko alikutana na kocha James Li. Alisoma, akamaliza, akapata shahada yake. Lakini jambo kubwa ni hili: alipomaliza chuo, hakuachana na kocha. Li alipohamia Arizona, Lagat alimfuata. Watu hawa wawili walifanya kazi pamoja muda wote wa mbio zake, karibu miaka 20.

Matokeo yake yanajulikana. Shaba ya mita 1,500 huko Sydney mwaka 2000. Dakika 3 na sekunde 26.34 huko Brussels mwaka 2001. Fedha huko Athens mwaka 2004. Kisha, tukaja kusikia, alikuwa amechukua uraia wa Marekani mwaka huo huo wa 2004, wakati ambapo sheria ya Kenya haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Kanuni za kubadili taifa zilimzuia kushiriki Mashindano ya Dunia ya mwaka 2005. Mwaka 2007, huko Osaka, Japani, akiwa na jezi ya Marekani, alishinda mita 1,500 na mita 5,000, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyekuwa amelifanya katika mashindano hayo ya dunia.

Nakumbuka vizuri mabishano ya wakati ule. Nilikuwa nimeanza kazi ya utangazaji, na katika matatu na vibanda vya chai watu walimwita Lagat msaliti. "Ametuuza," walisema. Nilisikiliza, na swali langu lilikuwa moja, na mpaka leo ni hilo hilo: katika watu waliokuwa wakipiga kelele, ni nani aliyejua wakati ule Henry Rono analala wapi? Yule ambaye hakubadilisha uraia katika siku za utukufu wake, aliyevaa jezi ya Kenya huko Algiers na Edmonton, aliyekubali bila kulalamika kwamba Olimpiki zake mbili zimekwenda na siasa, tulimlipa nini?

Lagat aliendelea kukimbia mpaka Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akamaliza wa tano katika mita 5,000 akiwa na umri wa miaka 41. Kisha akaingia katika ukocha, katika Chuo Kikuu cha Arizona. Ana kazi na jamaa, na heshima yake iko palepale.

Watu wepesi wa kuhukumu watasema mmoja alikuwa na nidhamu na mwingine hakuwa nayo. Mimi sikubaliani nao. Mtu asiye na nidhamu havunji rekodi nne za dunia huku akifanya mitihani ya chuo. Wote wawili walitoka vilima vya Nandi na kupitia chuo kimoja. Kilichotofautiana ni mazingira yaliyowazunguka. Mmoja alikimbia wakati wa ridhaa, mwingine wakati wa mikataba. Mmoja alifungiwa Olimpiki mara mbili na serikali, mwingine aliziona tano. Mmoja alipomaliza chuo alibaki peke yake na waandalizi waliotaka jina lake. Mwingine alimaliza akiwa na shahada mkononi na kocha yule yule pembeni yake.

Msikilizaji, kila mwaka vijana wetu bado wanapanda ndege kwenda vyuo vya Marekani kwa nguvu za miguu yao. Ni jambo jema, na wala siwakatazi. Lakini mzazi anayetia sahihi karatasi zile aulize maswali manne. Kijana atasoma kozi gani, na je, ni kozi ambayo ratiba ya mbio itamruhusu kuimaliza? Akiumia, udhamini utaendelea? Kocha wake ni nani, na wanafunzi waliomtangulia kwa kocha huyo wako wapi leo? Na la nne, ni nani huku nyumbani atakayempigia simu wakati hashindi?

Swali hili la mwisho si la mzazi peke yake. Chama chetu cha riadha kina kumbukumbu za muda wa kila mbio, hata kwa sehemu za sekunde. Kingeweza pia kuwa na daftari la watu wenyewe: yuko wapi, anafanya nini, ana afya gani, anahitaji nini. Daftari la namna hiyo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Linahitaji karani mmoja, simu moja, na nia. Wako wakimbiaji wa zamani walio hai leo katika vijiji vya Nandi, Keiyo na Uasin Gishu, ambao majina yao yamo katika vitabu vya rekodi vya dunia, na jirani zao hawajui. Wafuatilieni wakiwa hai. Wakati wa mazishi hotuba haziwafikii.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena juma lijalo, saa kama hizi. Kwaherini.